Siku Mdogo Wangu Alipochukua Kitambulisho Changu

Ndugu zangu, mmezoea kuniona nikikaa kule nyuma, karibu na mlango. Leo nimeambiwa nisimame nitoe ushuhuda, na nimekubali. Sitataja jina la mtu, maana wengine mko hapa ndani, na siku hizi tunasalimiana vizuri.

Mnajua wazazi wetu walituacha watatu. Mimi ndiye mkubwa, na nilikuwa darasa la saba. Niliweka vitabu chini nikaenda hapa ufuoni Kamere kupara samaki wa wateja. Kazi hiyo ndiyo imelea wadogo zangu. Msichana anayenifuata sasa yuko gredi ya nane.

Mwaka jana aliongoza darasa lao. Pale shuleni, siku ya kufunga, mtoto akiitwa kupewa zawadi, mzazi wake hutoka naye akicheza mpaka mbele. Nilifika mbio kutoka ufuoni, nikiwa bado na aproni na gambuti za mpira. Wakaita jina lake. Wee! Nilicheza kama niliyefaulu ni mimi.

Kumbe kuna mtoto alikuwa anarekodi. Video ilizunguka likizo yote, imeandikwa "Mathe Tilapia", yaani mama samaki. Shule zilipofunguliwa, mdogo wangu akipita wenzake wanaziba pua. "Niaje, Tilapia? Leo umekaangwa ama umechemshwa?" Hakuna aliyetaka kukaa naye.

Hakuniambia. Niliiona mwenyewe kwa kikundi cha wazazi cha WhatsApp, na hapo ndipo nilipokosea. Nilishika simu nikatuma sauti: "Mtoto yeyote anayemchezea dada yangu, nitampara magamba!" Nilisahau kwamba simu ya mzazi ndiyo hiyo hiyo mtoto anafanyia kazi ya shule. Kabla ya jioni sauti yangu ilikuwa imewekwa juu ya ile video. Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani ninazima moto, kumbe mkononi nina mafuta ya taa.

Alhamisi moja mwalimu wa darasa akanipigia. "Dada, mtoto ni mgonjwa? Hii ni siku ya nne."

Mgonjwa? Asubuhi hiyo nilikuwa nimemfunga tai!

Nilikimbia nyumbani. Sare ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kitanda. Sanduku la karatasi zetu lilikuwa wazi, na kitambulisho changu hakipo. Nilitoka mbio tena. Wiki hiyo shamba moja la maua lilikuwa likiandika vibarua, na watu husema mimi na yeye tumefanana kama mapacha.

Nilimkuta kwenye lango la shamba hilo, amebakisha mtu mmoja kufika mezani.

"Mathe, foleni inaanzia kule," askari akanizuia.

"Sitafuti kazi, boss. Natafuta mtoto."

Karani alikuwa ameshapokea kitambulisho. Akakitazama, akamtazama yeye. "Huyu ni wewe?"

Mdogo wangu alinigeukia. Nilijua akisema ndiyo, shule imeisha.

"Huyo ni mimi," nikasema. "Yeye ni mwanafunzi."

Karani alinirudishia kitambulisho. Lakini msichana alikataa kutoka. "Siendi shule. Si wewe uliacha, na hatukufa?"

Nilitaka kumzaba kofi mbele ya watu wote. Badala yake nilikaa chini kando ya uzio, nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. "Mwaka ule nilioacha, nilikuwa napita njia ya mbali nisisikie kengele ya shule. Sikuacha kwa kupenda."

Alikaa chini kando yangu. Kisha akalia. "Waliniuliza kama ni wewe kwa video. Nikasema wewe ni mfanyakazi wetu. Nimeshindwa kukuangalia tangu hiyo siku."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kicheko cha wenzake kilikuwa kimemfanya anikane, na aibu ya hilo ndiyo ilikuwa inamla. Nilimwambia nimesamehe, twende nyumbani.

Kesho yake tulienda shuleni wawili. Mwalimu hakupiga mtu. Aliita watoto waliohusika pamoja na wazazi wao, akamwacha mdogo wangu aseme mwenyewe. Mama mmoja akanishika mkono: "Aliyerekodi ni wangu. Na simu ni mimi nilimpa." Nami niliomba msamaha kwa kutisha watoto wa watu. Walifuta video mbele yetu. Najua bado iko kwa simu fulani, na siku nyingine msichana huamka hana hamu. Lakini anaenda.

Namshukuru yule mwalimu kwa kuhesabu siku nne. Namshukuru yule mama. Alikubali aibu yake mbele yetu sote. Na ninyi wazazi, kabla ya kutuma sauti kwa kikundi, kaeni na watoto wenu kwanza. Mimi nilikuwa namuuliza kila jioni amepata alama ngapi. Siku hizi namuuliza, "Leo ulikula na nani?" Jana alinitajia majina mawili.