Mama Vitanda: Miaka Thelathini na Moja ya Kuwatafutia Wanafunzi Pa Kulala

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mkuu wa Malazi ya Wanafunzi, ambaye chuo kizima kinamfahamu kwa jina la Mama Vitanda, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, msaidizi wake, niandike wasifu huu kwa sharti kwamba usiwe mrefu kuliko hotuba ya Makamu Mkuu wa Chuo. Nimeahidi kujitahidi.

Alianza akiwa matroni msaidizi wa bweni la wasichana. Chuo kilikuwa na mabweni mawili, bwalo moja la chakula, na wanafunzi wachache kiasi kwamba matroni aliweza kumjua kila mmoja kwa jina, na baadhi yao kwa kukoroma. Kila msichana alikuwa na chumba chake, kabati lake na dirisha lake. Tukiwaeleza wanafunzi wa leo habari hizo, hututazama kama watu wanaosimulia hadithi za sungura na fisi.

Siku yake ya kwanza kazini bomba lilipasuka ghorofa ya juu. Fundi bomba alipofika alimkuta matroni mpya amekunja sketi, viatu vyake vipya ameviweka dirishani, na yeye mwenyewe amelibana bomba kwa taulo na kulikalia. Fundi alimwomba asogee. Akajibu kwamba atasogea maji yakishafungwa, si kabla. Tangu hapo fundi alimwita "fundi mwenzangu", na hakuna cheo alichopewa baadaye kilichomfurahisha kama hicho.

Jioni alisoma, akapata shahada yake ya utawala, akapanda kutoka matroni msaidizi hadi matroni mkuu, kisha akakabidhiwa ofisi nzima ya malazi. Mumewe, mwalimu wa sekondari na mtu wa mizaha, alizoea kusema kwamba kila wiki ya usajili yeye huwa mgane wa muda. Waliomtembelea wiki hizo wanathibitisha kwamba alijipikia, na kwamba hakujua kupika.

Aliposhika ofisi hiyo, chuo kilikuwa kimeanza kukua. Shule za sekondari ziliongezeka, vitivo vipya vikafunguliwa, na kila mwaka safu ya wageni wenye masanduku langoni ilirefuka. Ni jambo la heri. Nani asiyependa watoto wasome? Ila barua ya udahili huandikwa asubuhi na kutumwa mchana, na bweni huchukua miaka. Mama Vitanda aliingiza vitanda vya ghorofa, akawaweka wawili penye mmoja, kisha wanne penye wawili. Alipigana vita virefu na majiko ya umeme ya vyumbani, akashindwa, na kwa kuwa alijua kushindwa, akajenga jiko la pamoja kila ghorofa. Hakupenda kabisa wanafunzi wakae nje ya chuo. Aliamini watapotea. Katika hilo alikosea, na alikuja kulikiri mwenyewe, tena mbele yetu.

Mwaka uliompa jina ni ule ambao mihula ya sekondari ilibadilishwa, na madarasa mawili yakamaliza kwa pamoja. Chuo kilitakiwa kuwapokea wote. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakawa mara mbili ya kawaida, na vitanda vikabaki vilevile.

Uongozi wa wakati huo uliona njia moja. Bondeni, nyuma ya maktaba, kulikuwa na bweni la zamani lililofungwa baada ya mhandisi kusema kwamba msingi wake unazama. Kwa nje lilipendeza. Lingepakwa rangi, likatiwa vitanda, na mamia wangepata pa kulala. Mama Vitanda alikuwa ameingia humo pamoja na mhandisi. Alikuwa ameona ufa wa ukuta wa nyuma na kuingiza kiganja chake ndani mpaka kifundo cha mkono.

Katika kikao cha Baraza la Chuo alikataa kulipokea jengo hilo. Si kwamba wajumbe walikuwa watu wabaya. Walikuwa na barua za wazazi mezani, na walitishwa na fikra ya vijana kurudishwa nyumbani. Mwenyekiti alimuuliza kwa upole kabisa atawaambia nini wazazi wa wale watakaokosa nafasi.

"Nitawaambia hakuna kitanda," alijibu. "Hilo watanikasirikia, kisha watanisamehe. Ukuta ukimwangukia mtoto wa mtu hawatanisamehe, na hata wakinisamehe, mimi sitaweza."

Baraza lilimpa wiki mbili. Alete mpango mwingine, au ofisi apewe mtu atakayekubali kulifungua bweni la bondeni. Alitoka kikaoni, akapita mezani kwangu, akaniambia nivae viatu vya kutembelea.

Tulianzia ukumbi wa michezo. Maseremala waliugawa kwa mbao nyembamba, tukapanga vitanda vya kukunja, na goli la mpira wa mikono likawa mahali pa kuanikia taulo. Paliwatosha wasichana wengi, lakini si wote, na kwa wavulana hapakuwa na kitu. Ndipo alipomeza msimamo wake wa miaka yote, akaanza kugonga milango ya mitaa inayozunguka chuo, yeye, fundi bomba, fundi umeme na mimi.

Alikagua kila chumba kwa macho ya mama mkwe. Alifungua mabomba, akabonyeza swichi, akanusa godoro, akauliza choo kiko wapi na usiku taa yake huwaka au haiwaki. Mwenye nyumba mmoja, mzee mwenye tumbo la neema, alituonyesha stoo na kusema itawatosha vijana watano. Mama Vitanda hakubishana. Alimwomba tu anyooshe mikono pande zote mbili. Mzee akanyoosha, na vidole vyake vikagusa kuta zote mbili. Akabaki amesimama vile kwa muda, kama mtu aliyekamatwa, kisha akaanza kucheka mwenyewe. Tulichukua vyumba vyake vinne vya mbele. Stoo ilibaki ya magunia.

Mpango ulipelekwa Barazani, ukapita kwa shingo upande, na wanafunzi wakafika. Wasomaji wasidhani waliimba nyimbo za shukrani. Ukumbi ulikuwa na joto mchana na kelele usiku, mabafu hayakutosha, na mvua ya kwanza ikafichua kwamba paa la ukumbi halikujengwa kwa ajili ya waliolala. Waliandamana mpaka ofisini kwetu wakiimba, "Mama Vitanda, vitanda viko wapi?" Jina lilizaliwa hapo, na lilizaliwa likiwa tusi.

Alitoka, akakaa kwenye ngazi za ofisi badala ya kusimama juu yao, na akawaeleza alichonacho, asichonacho, na kitakachopatikana na lini. Hakuahidi zaidi ya hapo. Walizomea kidogo, wakauliza maswali, wakauliza tena. Jua lilipokuwa kali aliwasogeza kivulini, wakaendelea.

Jambo ambalo wengi wao hawakulijua ni kwamba mmoja wa wasichana waliokuwa wakiimba, tena kwa sauti nzuri, alikuwa binti yake wa kumzaa.

Binti huyo alidahiliwa mwaka ule kwa alama zake mwenyewe, na kura ya vyumba ikamtupa ukumbini. Wiki ya pili chumba kimoja cha chini katika bweni la wasichana kikawa wazi, kwa kuwa aliyepangiwa aliahirisha masomo. Sisi wafanyakazi tulimshauri Mama Vitanda ampe mwanawe. Tulimwambia kwamba hakuna atakayemlaumu, na tulimaanisha. Alitusikiliza, akatushukuru, akampa chumba hicho mwanafunzi aliyetembea kwa magongo, ambaye tulikuwa tumempangia ghorofa ya tatu kwa kutojua.

Binti hakumgombeza mama yake. Alifanya kibaya zaidi: akawa na adabu. Alipokwenda nyumbani mwisho wa wiki alikula kimya, akaosha vyombo, na wakati wa kuondoka akasema, "Shikamoo, Mkuu." Baba yake ndiye aliyetusimulia hili, na ni moja ya mara chache tulizomsikia akisimulia kitu bila kutia mzaha. Alisema mkewe aliitikia marahaba kama kawaida, kisha akaingia chumbani na kukaa humo kwa muda mrefu.

Ilikwenda hivyo karibu nusu muhula. Kisha wasichana wa ukumbini wakachagua mwakilishi, na wakamchagua yeye. Alikuja ofisini akiwa na madai: mapazia, mabafu ya ziada, na mlinzi mwanamke mlangoni. Nilikuwepo. Walizungumza kama mawakili wa pande mbili. Mama Vitanda alikubali mapazia na mlinzi mara moja, akabishana kuhusu mabafu, akashindwa kwa hoja, akakubali. Mazungumzo yakaisha, binti akakusanya vitu vyake, akafika mlangoni, akasimama huku ameshika kitasa.

"Mama," alisema, "umekula leo?"

Hakuwa amekula. Walitoka pamoja kwenda bwaloni, na nikabaki mimi kujibu simu. Mabafu yalijengwa kabla ya muhula kwisha.

Bweni la bondeni halikufunguliwa tena. Lilibomolewa miaka michache baadaye, na kwa kuwa mashine iliangusha kuta zote siku moja, hakuna ajuaye kama lingeanguka lenyewe. Wapo wanaosema lingesimama miaka kumi zaidi. Mama Vitanda hujibu kwamba hilo ni swali ambalo anafurahi kutolijua jibu lake.

Lililobadilika ni utaratibu. Tangu mwaka ule, Baraza haliamui idadi ya wanafunzi wapya mpaka ofisi ya malazi iseme wangapi wanaweza kulala. Likisikika kama jambo dogo, muulize mtumishi wa chuo chochote kinachokua. Mitaa aliyoiogopa ikawa mkono wetu wa kulia: wenye nyumba waliona faida, wakajenga, na hadi leo wanapiga simu kuuliza kipimo cha dirisha kabla ya kumwaga zege. Ndani ya chuo alisimamia ujenzi wa mabweni matatu mapya. Msanifu wa la kwanza alileta michoro yenye ukumbi wa kuvutia na sakafu ya kung'aa. Mama Vitanda aliusifu, kisha akauliza wanafunzi wataanika wapi nguo. Michoro ilirudi na kamba.

Hakuwa malaika. Simu yake ilipolia wiki ya usajili alijibu kwa sauti ambayo hata wazazi wenye vyeo waliomba radhi kabla ya kusema shida yao. Barua pepe aliziita wadudu. Na asidhani mtu kwamba anaondoka akiwa amemaliza kazi. Mwaka huu pia kuna vijana waliokosa nafasi, na mwaka ujao watakuwepo. Nilipomuuliza kama hilo linamuuma, alisema linamuuma, na kwamba siku nitakapoona haliniumi mimi, niombe uhamisho.

Jina lake, lile tusi, liliacha kuwa tusi bila mtu kutangaza. Siku hizi watoto wa waliomzomea huja na masanduku yao, na wazazi wao husimama mlangoni wakisitasita kama wanafunzi, wakiuliza kama Mama Vitanda yupo, wamsalimie tu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, mafundi, walinzi, na maelfu walioweka vichwa vyao mahali salama kwa sababu ulikuwa mkaidi, Mama, tunakushukuru. Mumeo ametuhakikishia kwamba amekwisha kununua pazia zito la chumbani, na ametukataza kukupigia simu kabla ya saa nne asubuhi. Tumekubali. Wiki ya usajili ikifika tutahangaika wenyewe, na tutajifunza. Umewalaza wengi. Afya iwe nawe, amani iwe nawe, na sasa, tafadhali, ulale mpaka jua likuchoke.