Zenon wa Rafaeli, Aliyelitafuta Jina la Babu Yake

Padri, wazee wa kijiji, ndugu na majirani mliofika hapa na mvua hii, haya ndiyo maisha ya ndugu yetu tunayemzika leo.

Marehemu Zenon Rafaeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 katika kitongoji cha Kalundo, upande wa Laela. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Rafaeli na Mama Cornelia. Kaka yake alifariki akiwa bado ananyonya. Baba yake alikwenda kuchimba dhahabu Chunya, akafia huko mwaka 1932, na habari zilifika Kalundo mavuno yakiwa yameshaingizwa ghalani. Babu yake mzaa baba alikuwa mfua chuma, mwenye yale matanuru ya udongo ambayo wengine wenu mmeyakuta porini yamebomoka. Naye alifariki Zenon akibebwa mgongoni. Jina la babu huyo litatajwa mwishoni, na sababu yake mtaisikia.

Alisoma shule ya misheni tangu 1936 hadi 1940, akamaliza darasa la nne. Alikuwa na mwandiko mzuri, na mwalimu wake alitaka aendelee. Lakini mama yake alikuwa mjane, analima ulezi peke yake. Zenon alirudi nyumbani akashika jembe, wala hakuna aliyemsikia akilalamika.

Mwaka 1947 alifanywa katekista, kazi aliyoifanya hadi alipougua. Pamoja na kufundisha dini, alikuwa akiitwa kwenye misiba aandike maisha ya marehemu, maana wengi wetu kalamu ilitushinda. Alikuja na kigoda chake, akakaa na wazee wa nyumba, akauliza: huyu alizaliwa na nani, na aliyemzaa alizaliwa na nani? Majina ya utani na ya kazi hakuyataka. Alipofariki Mzee Flavian, ambaye kijiji kizima kilimwita Bwana Moshi, Zenon alikataa kuandika mpaka lipatikane jina alilopewa na mama yake. Jua lilikuwa linashuka, na vijana wa kaburini wameshaegemea majembe.

"Katekista, marehemu anasubiri!" wakamwambia.

"Amesubiri miaka sitini aitwe jina lake," akajibu. "Hataona tabu kusubiri kidogo tena."

Jina likapatikana kwa bibi mmoja aliyekuwa anasinzia jikoni.

Tarehe 11 Juni 1949 alifunga ndoa na Luciana. Walijaliwa watoto sita, wawili wakatangulia mbele ya haki. Nyumba yao ilikuwa ya utulivu. Mama Cornelia aliishi nao siku zote, na kati yake na Luciana hakukuwa na ukwe wa kununiana.

Watoto walipokua, Zenon alianza kuandika maisha ya wazee wa nyumba yake mwenyewe. Aliandika habari za baba yake na safari ya Chunya, za shangazi yake aliyeolewa Kirando, za njaa na za nzige. Lakini alipofika kwa babu mzaa baba, kalamu ilisimama. Watu walimwita Mzee wa Tanuru, basi. Hakubatizwa, na katika kitabu cha ubatizo cha Rafaeli, mahali pa baba paliandikwa "mpagani" tu. Waliokuwa rika lake walikuwa wamekwisha. Aliyebaki akilijua jina hilo alikuwa Mama Cornelia, na kwa desturi ya nyumba ile, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake.

Zenon alimwuliza mara ya kwanza mwaka 1973.

"Mwanangu," mama akamjibu, "mwiko huu nilipewa kabla ya kupewa jiko. Baba mkwe hatajwi. Akiwa hai hatajwi, akiwa kaburini ndiyo kabisa."

Luciana akajaribu kwa utani. "Mama, basi liambieni jembe. Sisi tutapita tu hapo mlangoni."

"Jembe lenyewe alilifua yeye!" mama akasema. "Nalo nitalitazamaje usoni?"

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, ila jina hakulitoa.

Mwaka huo huo Zenon akateremka hadi Kirando kuwatafuta watoto wa shangazi. Aliwapata wakianika dagaa. Shangazi alikuwa ameshazikwa, na watoto wake walijua tu kwamba walikuwa na babu mfua chuma huko juu. Akarudi na mfuko wa dagaa begani. Mama akaupokea, akamtazama usoni, akamwuliza, "Ulifuata watu au ulifuata mboga?" Zenon akasema, "Nilifuata watu, Mama. Nimekuta mboga."

Mwaka 1974 tulihamishwa sote kutoka vitongojini, tukaletwa hapa kijiji kipya. Kalundo ikapangwa kuwa shamba la kijiji. Zenon aliomba makaburi ya wazee yaachwe, na kamati ikakubali kwa sharti moja, ambalo mwenyekiti wetu Urbano alimweleza wazi.

"Kila kaburi liwekwe kibao chenye jina. Chenye jina, trekta litakizunguka. Kisicho na jina, dereva ataona ni kuni."

Zenon alichonga vibao vya makaburi yote ya nyumba yake, akaandika kwa chuma cha moto. Kikabaki kimoja. Akamwendea mama mara ya pili, akapiga magoti. Mama akainamisha kichwa, akasema, "Mimi ni mkwe, mwanangu. Usinivue nguo." Zenon akanyanyuka, akamwomba radhi.

Luciana alimshauri aandike Mzee wa Tanuru ili angalau kaburi lipone. Zenon akakataa. "Hilo ni jina la kazi. Nimewakatalia watu wa vijiji vyote hivi, leo nijikubalie mwenyewe?" Akakisimika kibao kitupu, akitumaini dereva atakuwa na huruma.

Novemba 1975 trekta lilipita. Vibao vingine vilizungukwa kama ilivyoahidiwa. Kile kitupu kiligeuzwa pamoja na udongo. Zenon alifika asubuhi, akasimama pale. Zamu yake ya kazi za kijiji ilipofika wiki iliyofuata, alipanda mahindi palepale kama wengine. Waliokuwa karibu naye wanajua kwamba baada ya hapo hakuandika tena habari za wazee wake, ingawa za wengine aliendelea kuandika kila alipoitwa.

Katikati ya mwaka 1976 alianza kuvimba tumbo. Alitibiwa Laela, na mwezi wa Novemba akalazwa hospitali Sumbawanga, ambako ilionekana ini limeharibika. Alirudishwa nyumbani Januari. Mama yake alikaa naye mkekani siku zote hizo. Zenon alimwuliza habari nyingi za utotoni, naye akamsimulia: mvua kubwa ya mwaka aliozaliwa, wimbo aliobembelezewa, jinsi babu alivyompulizia majivu kichwani apate usingizi. La jina hakuliuliza. Alimwambia Luciana, "Usimsumbue mama. Amezika watu wengi. Asije akaizika na adabu yake."

Alifariki tarehe 19 Februari 1977 alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Jana jioni Mama Cornelia aliwaita Luciana na wazee wawili wa ukoo ndani. Akasema, "Nilikuwa namngoja aulize mara moja tu tena. Kila jioni nilijiambia, leo ataniuliza, na akiuliza nitampa. Naye alikuwa ananihurumia." Akajifunika khanga usoni, akalitamka jina la baba mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akataka lisomwe leo na liandikwe kwenye msalaba wa mwanawe. Akaomba jambo moja: "Kabla hamjalisoma, nipelekeni nyumbani. Nisisimame mbele za watu nikalisikia kama mtu asiye na adabu."

Ndiyo sababu mama hayupo hapa kaburini. Ameagana na mwanawe kanisani, akarudishwa kabla ya karatasi hii kufunguliwa. Hatamwona akifunikwa udongo. Tunawaomba msimshangae, na mtakapopita kumpa pole, jina hili msilitaje mbele yake.

Marehemu ameacha mama mzazi, Cornelia, mjane, Luciana, watoto wanne, Gaudensi, Sophia, Clemens na Eustace, na wajukuu watatu.

Huyu ni Zenon, mwana wa Rafaeli, mwana wa Kasonso. Bwana awapokee wote watatu, awape pumziko lenye amani.