Wale Wawili Hawakuambiana

Benchi lilikuwa la Kinyozi, lakini ukiweka benchi mbele ya duka lenye televisheni, hilo si lako tena. Asubuhi walikaa hapo Bosi, mlinzi wa ghala, aliyepewa jina hilo kwa sababu kazi yake ni kuwafungulia mabosi geti. Shangazi, muuza kahawa, ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote. Na Fundi, mshona viatu, aliyependa kukaa mwishoni kabisa ili auone mlango wa jirani yake. Jirani huyo alikuwa mshona nguo. Ukuta kati ya vibanda vyao ulikuwa wa mbao, na kwa miaka Fundi alipiga nyundo akifuata mdundo wa cherehani ya upande wa pili. Aliwahi kumkatia mkanda wa ngozi wa cherehani hiyo, naye Jirani akasema ahsante, na mazungumzo yao marefu kuliko yote yakawa ndiyo hayo. Sasa mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alikuwa ameenda kwao kutibiwa kifua. Fundi alimpenda, tena sana, na alikuwa amejiapiza kwamba akirudi tu atamwambia. Lakini asubuhi hiyo msiba uliokuwa kijiweni ulikuwa wa katuni.

— Nimewalea wale watoto humu dukani! — Kinyozi alilalamika. — Mmoja fundi baiskeli, mwenzake anauza taa, wanapendana mpaka kipofu anaona. Halafu jana msichana anapanda basi, mvulana anapunga mkono, imekwisha! Hata “nakupenda” hakuna!

— Ndivyo zilivyo katuni za Kijapani, — alisema Bosi. Binti yake alikuwa hali halali kwa ajili ya katuni hizo, kwa hiyo utaalamu wote wa kijiwe ulikuwa kwake. — Kila mvulana akitaka kusema, treni inapita. Msichana anauliza, umesemaje? Anajibiwa, hamna kitu.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — Kinyozi akahitimisha.

— Sasa hiyo na treni wapi na wapi? — Shangazi aliuliza.

— Si hakusikia?

Fundi alicheka na wenzake, ila kicheko hakikufika moyoni. Hiyo “hamna kitu” aliijua. Aliwahi kuisema mwenyewe, siku Jirani alipochungulia kibandani kwake kumuuliza kama amemwita.

— Mimi nasema ni damu, — Kinyozi aliendelea. — Hamjaona wakimtazama msichana pua zinavyochuruzika? Ikiwa kutazama tu ni hivyo, akitamka si atakauka? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ndiyo maana wao hawavui.

— Hao wa pua ni wa katuni za kuchekesha, — alisema Bosi. — Wa katuni za huzuni hawatoki damu. Wanakohoa.

Fundi alitupia jicho lile kufuli.

— Basi wanajua! — Kinyozi alisimama. — Wanajua kwamba wao ni michoro. Siku wakiambiana, mchoraji anaweka kalamu chini, hadithi imekwisha, wanafutika. Wananyamaza ili waishi.

— Woga huo, — alisema Shangazi akimimina kahawa. — Mnautafutia woga nguo za sikukuu. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Alisema hivyo akimtazama Fundi.

— Haraka haraka haina baraka, — Fundi alijibu kwa sauti ndogo.

— Haraka ipi, baba? Konokono angekuwa ameshaoa na kuoza watoto!

Wakacheka wote. Bosi akawatuliza kwa mkono.

— Msilie. Katuni ndiyo imeishia njiani. Kwenye manga, yaani kitabu chake cha michoro, hadithi inaendelea. Binti yangu anacho.

— Inaendeleaje? — Fundi aliuliza upesi kuliko alivyotaka.

— Msichana anarudi. Akishuka tu kwenye basi, mvulana anamwita jina lake.

— Halafu?

— Ndiyo hivyo. Kule wanaitana majina ya ukoo miaka nenda miaka rudi. Siku ukimwita mwenzio kwa jina lake mwenyewe, umeshasema yote.

— Sisi hapa tungekufa makapera, — alisema Shangazi. — Nani anamjua mwenzake jina?

Wakatazamana. Kweli, hakuna aliyejua. Fundi hakujali. Kwenye kitabu anarudi, alijiambia, na akanyoosha kikombe aongezewe.

Wakati huo mwanamke kijana alisimama mbele ya mlango wa Jirani, akatoa ufunguo. Uso ulikuwa ule ule wa Jirani, ila wa umri mdogo kidogo.

— Karibu, mwanangu, — alisema Shangazi. — Mwenyewe hajambo?

— Shikamoo, mama. Mimi ni mdogo wake. Nimekuja kuchukua cherehani. — Akauingiza ufunguo kwenye kufuli. — Dada tumeshamzika.

Pole zikatoka kila upande, jamani, jamani, Mungu ampumzishe. Fundi aliona barabara yote imekwenda mbali.

— Kuna mtu namtafuta, — alisema yule mgeni, na akataja jina, la mtu na la baba yake. — Siku zile za mwisho alimwita sana.

— Hapa hatuna mtu wa jina hilo, — alisema Kinyozi. Bosi naye akatikisa kichwa.

Jina lilikuwa la Fundi. Hapo mtaani lilisikika mara moja tu, siku kaka yake alipokuja kumtafuta akapaza sauti toka ng'ambo ya barabara. Kumbe Jirani alilichukua. Alikaa nalo upande wa pili wa mbao, akamwita Fundi kama watu wote, mpaka alipokuwa mbali asikoweza kusikika.

— Ni mimi, — alisema Fundi.

Wenzake wakamgeukia. Mgeni alimsogelea, akamtazama usoni kwa hamu ya mtu aliyesafiri kuja kuona.

— Tulimuuliza dada ni nani huyo, akawa analia tu. Basi niambie wewe, kaka. Ulikuwa nani wake?

Fundi alifungua mdomo. Kusema jirani aliona haya, na neno lililozidi hilo hakuwahi kupewa. Alimtazama Bosi, Bosi akainama. Kinyozi, mwenye jibu la kila jambo, alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake.

— Kaka? — mgeni aliuliza tena, kwa upole.