Vitalia Kapinga, Aliyesubiri Mtoto Miaka Kumi na Moja

Vitalia, binti wa marehemu Bartholomayo Kapinga na Ottilia Haule, alizaliwa tarehe 9 Juni 1963 huko Ngumbo, mwambao wa Ziwa Nyasa. Alimaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1978, akaanza kupandisha usipa, dagaa wa ziwani, kuuza gulioni Mkumbi, huko milimani. Ndiko alikokutana na Alphonce Ndunguru, mkulima wa kahawa. Walifunga ndoa tarehe 24 Agosti 1985.

Kahawa ilizaa, yeye hakuzaa. Tumbo lilipoanza kutuna, jirani alimletea uji wa mjamzito, kumbe ni uvimbe kwenye kizazi. Vitalia aliunywa wote, akarudisha bakuli. "Asante dada. Uji umetangulia, mtoto atakuja." Kisha alijifungia ndani akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka 1995, wanunuzi binafsi walipoingia na kahawa ikapata bei, Alphonce alimpeleka kupasuliwa. Uvimbe ulitolewa, kizazi kikabaki. Daktari aliwaonya, "Mimba ikiingia, msisubiri uchungu. Kovu linaweza kuachia. Njooni mapema azalishwe kwa upasuaji." Mwaka uliofuata mimba iliingia. Alphonce alikuwa akicheka peke yake shambani kama mwehu.

Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti, hivyo Vitalia aliteremka Ngumbo. Lakini mambo ya kizazi binti hamwambii mama mzazi. Humwambia shangazi, na shangazi alikwishafariki. Mama Ottilia alijua tu kwamba mwanawe alitibiwa tumbo. Alphonce alipokwenda kumchukua mkewe, alisimama mbele ya mkwewe macho chini.

"Shikamoo mama. Daktari anamtaka hospitali mapema."

"Marahaba baba. Mapema ya nini? Uchungu ukianza tutampeleka."

Mkwe hatamki habari ya kovu la kizazi mbele ya mkwewe. Aliondoka kumtafuta mama mdogo wa Vitalia amsemee, na huku nyuma uchungu ukaanza.

Kovu liliachia njiani. Vitalia alifariki hospitalini tarehe 17 Februari 1997, damu ikiwa imekwisha mwilini. Mtoto wa kiume alitolewa akihema kwa shida. Muuguzi alimbatiza Edmund, naye akamfuata mama yake.

Tangu jana Mama Ottilia anauliza, "Mbona hamkuniambia?"

Vitalia ameacha mume, mama, na wadogo zake Beata na Steven. Mtoto hayumo katika walioachwa. Yumo naye jenezani, kifuani pake.

Ee Bwana, wapumzishe wote wawili kwa amani.