Kwa Nini Lonzo Alinyamaza Katikati ya Wimbo

Benchi letu liko mbele ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mimi. Ukishuka basi hapa mjini kwetu, Mississippi, ukavuka reli kuja upande wetu sisi weusi, utatuona sisi kabla hujaliona kanisa. Pembeni penye kivuli hukaa Shemasi. Jina lake ni Ezell Gatlin, na hakuna kanisa lililowahi kumpa ushemasi, ila akifungua mdomo utadhani kapewa makanisa matatu. Katikati hukaa Treni, yaani Otha Rudd, aliyefanya kazi ya reli mpaka goti likagoma. Kahawa ni ya Bi Verlene, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Akishatumiminia anakaa hapo hapo, birika miguuni, kuhakikisha hatupigi soga bila yeye. Jumamosi ile ya Agosti, mwaka wa sitini na moja, niliitoa gramafoni nje, nikaweka sahani ya santuri ya Lonzo Peeples, na ugomvi ukaanza pale pale unapoanzaga kila Jumamosi.

Lonzo alikuwa mtu wetu. Siku za kazi alipasua mbao kiwandani, Jumamosi alipiga gitaa popote panapokaangwa samaki. Mwaka wa thelathini wazungu wa kampuni moja ya sahani walimpeleka Memphis, wakamweka kwenye chumba cha hoteli walichokitundikia magodoro ukutani kuzuia kelele za nje, akaimba wimbo wake wa mafuriko. Akarudi, akaendelea kupasua mbao, na homa ya mapafu ikamchukua kabla ya vita. Kilichobaki ni sahani hiyo. Anaimba, "Maji yamemchukua nyumbu wangu, nimebaki na hatamu mkononi," halafu, kabla ya ubeti wa mwisho, gitaa linanyamaza. Kimya kabisa. Unasikia sindano tu ikikwaruza. Kisha anavuta pumzi, anaendelea kama hakuna kilichotokea.

— Hapo anasali, alisema Shemasi, kidole juu.

— Asali nini wewe, na wimbo wenyewe wa kilabuni? Treni akamdaka.

— Ndiyo maana anasali! Mama yake alimwapisha asiimbe mambo ya dunia. Kafika katikati, kamkumbuka mama, kaomba msamaha, kaendelea.

— Kaomba msamaha halafu kaendelea na dhambi ile ile?

— Kwani wewe huwa unafanyaje?

Bi Verlene alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nyie hamjui kitu, alisema Treni. Sikilizeni mtu wa reli. Hoteli ile ilikuwa karibu na stesheni. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, na Lonzo aliiheshimu treni kuliko mchungaji. Akaisubiri ipite.

— Mbona hatuisikii hiyo treni?

— Magodoro, Kinyozi! Magodoro si yalikuwa ukutani? Na ngoja nikwambie lingine. Dereva wa treni ile alisikia gitaa, akapunguza mwendo. Ndiyo maana kimya kikawa kirefu.

— Gitaa lipenye magodoro limfikie dereva, nikasema, ila treni nzima ishindwe kupenya iingie kwenye sahani?

— Masikio ya dereva si kama yako.

Mimi niliwaambia, kama ninavyowaambia miaka yote, kwamba waya wa gitaa ulikatika. Kitu kidogo tu. Waya umekatika, mtu kashtuka, kajipanga, kamalizia na zilizobaki. Hawakunisikiliza hata kidogo. Kwenye benchi letu, jibu la kawaida halipewi kahawa.

— Alinyamaza kwa sababu yangu, alisema Bi Verlene.

Tukageuka wote.

— Nilikuwa Memphis wiki ile, kwa shangazi. Nilivaa gauni la njano. Nilipita chini ya dirisha.

— Verlene! Mwaka wa thelathini ulikuwa huku huku unachuma pamba na sisi!

— Ulikuwa unaniangalia kila siku, Ezell?

Shemasi akaanza kupuliza kahawa yake, ambayo ilikuwa imeshapoa.

— Haya, alisema Treni, na dirisha nalo? Si lilikuwa na godoro?

— Upepo ulilisogeza.

— Godoro?

— Godoro la hoteli za sisi weusi, Otha. Ulishawahi kulilalia? Kuku angelisogeza.

Hapo hata Treni alikubali. Lakini Shemasi hakuwa mtu wa kushindwa na gauni la njano. Alisimama, akavua kofia.

— Nitawaambia ambalo sijawahi kumwambia mtu. Pale Lonzo alikufa.

— Alikufa!

— Moyo ulisimama. Akafika mbele ya kiti cha enzi, akaulizwa, "Wimbo umeumaliza?" Akasema, "Bado ubeti mmoja, Bwana." Akaambiwa, "Rudi." Ndiyo ile pumzi mnayoisikia. Ile si pumzi ya mtu aliye hai muda wote.

Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Sindano yenyewe ilikuwa imefika mwisho, inazunguka bure.

— Lonzo hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu, Shemasi akaongezea, akikaa.

— Nyumba yake ilikaa bila paa mpaka anakufa, alisema Bi Verlene.

— Nazungumzia nyimbo!

Katika kelele hizo hatukumwona yule mwanamke. Alikuwa amesimama upande wa pili wa kijia, sanduku dogo mkononi, kofia na glavu za watu wa kaskazini, jasho linamtiririka shingoni. Basi la Chicago lilikuwa limeshaondoka. Alikuwa wa miaka thelathini na kitu, mrefu, na alikuwa anaitazama gramafoni kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

— Karibu, binti, nikamwambia. Unamtafuta nani?

— Naitwa Idella. Mama yangu alikuwa Corrine Mabry.

Bi Verlene aliweka kikombe chini. Corrine sote tulimjua. Alipanda treni ya kwenda Chicago na mtoto mchanga kwenye shali, akakataa kuandika hata salamu. Lonzo alikuwa aende naye. Siku ya safari mama yake Lonzo akaanguka, akaugua, akabaki kumuuguza. Na alipopata nafasi ya kuondoka, Corrine alikuwa ameshaolewa. Hayo ndiyo tuliyoyajua sisi, na katika hayo hakuna hata mmoja aliyekuwa na nadharia.

— Mama amefariki mwezi wa tano, alisema Idella. Maisha yake yote hakunitajia jina la baba. Siku za mwisho hospitali ndiyo akaniambia: Lonzo Peeples, na kwamba aliimba. Basi, hayo tu. Nimeulizia stesheni, wakaniambia niwaone watu wa kwenye benchi.

Tuligombania kumpa nafasi mpaka benchi likabaki tupu. Bi Verlene akamletea kahawa, mkate wa mahindi, kitambaa chenye maji baridi cha shingoni. Treni akambebea sanduku hatua mbili zilizokuwa zimebaki. Kisha Shemasi akaniangalia, nami nikajua anachotaka.

— Mwanangu, nikasema, hiyo hapo ni sauti yake. Nikuwekee?

Alivua glavu moja, kisha ya pili, akatikisa kichwa kukubali.

Nikaweka sindano. Miaka yote ile nilikuwa naipiga sahani kwa kuwinda kimya kile, kama anayesubiri mpira ufike golini. Siku hiyo niliogopa kila neno. Lonzo akaimba nyumbu wake, akaimba hatamu, akaimba maji yaliyofika kwenye mlango wa mama yake. Idella alikaa wima, mikono mapajani. Gitaa liliponyamaza, aliinua uso ghafla, akatutazama mmoja mmoja, kana kwamba sisi ndio tumelizima. Pumzi ikaja. Akafumba macho, na machozi yakapata njia.

Ilipokwisha, Treni alishindwa kujizuia.

— Pale aliponyamaza, binti, treni ilikuwa...

— Otha, alisema Bi Verlene. Funga mdomo.

Idella alijifuta na kile kitambaa cha shingoni. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mgeni asiyetaka kusumbua.

— Nyie mlimjua. Naomba niwaulize kitu.

— Uliza chochote, alisema Shemasi. Mimi nimekaa naye miaka na miaka.

— Mimi ndiye niliyemnyoa, nikasema.

— Akiwa anaongea tu, alisema Idella, haimbi, anaongea kawaida, anaomba chumvi... sauti yake ilikuwaje?

Shemasi alifungua mdomo upesi, akiwa na jibu tayari.

— Alikuwa anasema hivi, akasema, na kilichotoka kilikuwa kile kinachotoka kwenye sahani, kile kile, na mvuto wake wa wimbo. Akakisikia mwenyewe, akaacha.

— Ilikuwa nzito, alisema Treni. Au hapana. Alinipigia kelele siku nilipoangukiwa na mbao. Aliita jina langu. Ngoja.

Tukangoja. Midomo ya Treni ilitikisika bila sauti.

— Nilicheza naye dansi, alisema Bi Verlene taratibu. Alininong'oneza jambo sikioni. Maneno ninayo mpaka leo, yote. Sauti... Jamani. Imekwenda wapi?

Mimi nilikitafuta kichwa cha Lonzo kati ya mikono yangu. Nilimwona kwenye kiti, shuka shingoni, kovu dogo nyuma ya sikio, anaongea, anaongea, anacheka, ananiambia nisimkate sana mbele. Niliona midomo yake. Nikasogea karibu kadiri nilivyoweza, na kila nilipofika, nilisikia maji na nyumbu.

Idella alituangalia, akaelewa, akaanza kutuhurumia, na hilo lilituuma zaidi.

— Si kitu, akasema. Ni miaka mingi. Nimeuliza tu kwa sababu watu wananiambia sifanani na mama hata nikiongea.

Shemasi aliinua kichwa. Alimtazama Treni, Treni akamtazama Bi Verlene. Mimi nilikuwa nimeshainyanyua sindano na kufunika gramafoni, sijui saa ngapi.

— Sema tena, mwanangu, alisema Shemasi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea polepole.

— Niseme nini?

— Hicho hicho. Chochote. Kwa sauti hiyo hiyo.

Idella aliona aibu. Akaangalia kikombe chake, kisha akamwambia Bi Verlene kwamba kahawa ni nzuri, ila kama hatajali angeomba sukari kidogo.

Hakuna aliyeinuka kuleta sukari. Tulikuwa tumemwinamia wote wanne, tumeshikilia pumzi, tunasikiliza.