Mahali Patupu kwenye Ukuta wa Majina

Sogezeni viti, wanangu. Wewe Anaclet, uliye mkubwa, usikae karibu na mlango kama mtu anayengoja basi. Na wewe Abigaël, acha kunipima joto, unishike mkono tu, maana daktari amekwisha kusema aliyokuja kusema nami nimemwelewa. Leo ni Jumamosi, watoto wako darasani hapa chini yetu, na sauti yangu bado inatosha somo moja. Ninawaachia jengo hili, ambalo ni fahari yangu yote, na ninawaachia pia kosa langu moja, ambalo lazima lirekebishwe kabla ya watu wa commune, wa manispaa yetu, kuja wiki ijayo kupigilia mlangoni kile kibao chenye jina langu.

Mwaka uliochongwa juu ya mlango mnaujua, 1884. Baba yake Mademoiselle Ludgate, Mwingereza, alilijenga ili watoto wa Waingereza waliokaa Brussels wasome Kilatini na hesabu kama ambavyo wangesoma kwao. Ndiyo maana madirisha ni membamba na yamechongoka juu kama ya kanisa, na matofali ni mekundu kuliko ya nyumba yoyote hapa Etterbeek. Mwaka 1914 askari waliingia, wakalala huku juu, na farasi wao wakafungwa katika darasa la Kilatini. Zile alama za kwato kwenye mbao za sakafu, ambazo kila mwaka mtoto mgeni huniuliza zimetoka wapi, msimruhusu fundi yeyote azipige randa. Mwaka 1940, mwezi wa tano, watoto kumi na mmoja waliobaki walipandishwa treni ya kwenda pwani, na tangu siku hiyo kengele haikupigwa tena. Madarasa yakawa ghala la makabati ya watu.

Makabati hayo ndiyo niliyoyakuta. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na mmoja kule Bukavu, lakini hapa diplome yangu hakuna aliyeitaka, na baba yenu Désiré, Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi za usiku. Basi nikaajiriwa na Mademoiselle, aliyekuwa amebaki peke yake katika vyumba hivi viwili, nifute vumbi. Siku moja alinikuta nimewakalisha ninyi na watoto wa jirani juu ya masanduku, nawafundisha kusoma. Alisimama na fimbo yake akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa kile Kifaransa chake cha polepole, «Jumamosi ijayo watakuja tena?» Nikasema ndiyo. Akasema, «Bon. Basi makabati yaondoke.» Shule yetu ilianza kwa maneno hayo, wala msimwamini mtu anayesema ilianza kwa mkutano.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu mahali hapa nimekuwa nikiparuka kila nilipowasimulia.

Septemba ya 1974 nilitaka kuanza mwaka kama tunavyoanza kwetu, wazazi wakija na ndoo na mafagio kuipaka shule chokaa, kwani shule isiyopakwa chokaa kwetu ni kama mtoto aliyetumwa darasani bila kunawa uso. Walikuja watu wa Kivu, wakaja watu wa Katanga, tukafika kwenye korido ndefu iliyokuwa imejaa masizi ya jiko la makaa. Kati yetu alikuwamo Kyungu, mliyemwita tonton kama mjomba wenu, ambaye kule Lubumbashi kazi yake ilikuwa kuandika majina ya maduka. Aliusogelea ukuta, akaupapasa kwa vidole, akasema, «Maman Pétronille, ngoja kwanza. Hapa chini kuko maandiko ya muntu.»

Nikamjibu, «Ni masizi, Papa Kyungu. Tupake.»

Na mahali palipokuwa na mabaka, karibu na mlango wa uwanja, nilipanda kigoda, nikachukua kile chuma cha kukwangulia, nikakwangua mpaka kwenye plasta. Mimi. Mkono huu unaoushika, Abigaël.

Mademoiselle aliposhuka jioni, korido nzima ilikuwa nyeupe. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba pale ndipo kila mwanafunzi wa baba yake, siku yake ya mwisho, alipoandika jina lake kwa rangi ya mafuta. Kisha akaona pale palipokwanguliwa, akauliza, «Hapa amekwangua nani?» Wakati huo nilikuwa nashuka kigodani, na nilikuwa nimempa Kyungu kile chuma anishikie. Mademoiselle alikitazama chuma mkononi mwake. Kyungu akanitazama mimi. Alingoja, wanangu, alinipa nafasi ya kutosha kabisa ya kusema neno moja, nami niliwaza jinsi tutakavyofukuzwa, watoto warudi mitaani na mimi nirudi kufuta vumbi, nikanyamaza. Basi Kyungu akainamisha kichwa, akasema, «Pardon, Mademoiselle.»

Yaliyofuata mnayajua na mnayapenda, hata mimi nayapenda. Chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta; kwa sponji na maji ya uvuguvugu, Jumamosi tatu mfululizo, watoto waliyatoa majina yale moja moja, na Mademoiselle aliketi kwenye kiti katikati ya korido. Kila mtoto aliyefichua jina alilisoma kwa sauti, naye akamweleza mwenye jina alikuwa nani: huyu aliogopa vyura, huyu aliimba vibaya mpaka akatolewa kwaya, huyu hakurudi kutoka vitani. Hivyo ndivyo watoto wa Bukavu na Likasi walivyoijua historia ya nyumba hii kuliko Waingereza wenyewe. Jina moja tu halikutoka, la mahali nilipokwangua. Lilikuwa la Ambrose, kaka yake Mademoiselle, aliyekufa mwaka 1917 akiwa na miaka ishirini. Hakuwa na kaka mwingine.

Mademoiselle alifariki mwaka 1981 bila kujua, na kwa notaire, mthibitishaji wa hati, aliacha karatasi kwamba jengo ni la shule yetu siku zote. Tangu hapo kila mtoto wetu anayemaliza huandika jina lake chini ya yale ya zamani, na leo wamefika mia mbili na kumi na wanne, kuna wauguzi humo, kuna fundi wa treni, kuna wewe Abigaël unayefundisha Evere kwa diplome ambayo hakuna anayeweza kuikataa. Hata hawa waliofika mwaka huu wakikimbia vita, wasiojua bado kulala bila viatu, wameniuliza wataandika lini. Mniruhusu nijivune. Nimejivuna kwa haki.

Lakini Kyungu alichekwa, watoto wakamtungia wimbo. «Papa Kyungu, usiguse, utakwangua!» Hata kanisani. Wewe Anaclet ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa ukiimba kwa sauti kuliko wote, nami nilikuwa nakusikia nikiwa nasahihisha madaftari, sikukukataza. Akahamia Molenbeek, ng'ambo ya mfereji, akaacha kuja. Na lile kopo la rangi nyeusi tunalolikuta getini kila mwezi wa sita, mnalodhani hutoka duka la vifaa, angalieni waya wa mpini wake unavyofungwa. Ni waandishi wa majina ya maduka wanaofunga hivyo, ili kopo lining'inie kwenye ngazi. Miaka ishirini na mitatu amewaletea watoto wetu rangi. Mimi sikuwahi hata kuvuka mfereji kumshukuru.

Nipeni maji.

Bon. Funguo zote ni za Abigaël, na ya kengele nayo. Kampuni ile inayotaka kujenga ofisi ikirudi, mpeni mtu wake kahawa, mumwoneshe ukuta, mumsindikize. Kibao kisipigiliwe bado. Anaclet, utakwenda kwa tonton Kyungu, ghorofani juu ya duka la vitambaa karibu na mfereji. Usipige simu. Uingie, usimame mbele ya watoto wake, useme: maman ndiye aliyekwangua, na mimi ndiye niliyeimba. Useme hivyohivyo, usiongeze maelezo. Kisha umwombe aje na brashi yake aandike pale patupu, Ambrose Ludgate, kwa mkono wake. Akikubali, kibao kipigiliwe. Akikataa, ana haki. Pabaki patupu, na jina langu lisiwekwe popote.

Mungu awape... awape ulimi mwepesi kuliko wangu. Awape watoto wanaouliza. Muwe na amani ninyi wawili, mshikane. Nimewapenda, nimewafundisha, sijachoka nanyi. Nimechoka tu.

Abigaël, fungua dirisha la upande wa uwanja. Wanatoka kwenda mapumziko... nataka kuwasikia.

Anaclet. Bado umeketi?