Fahali wa Miguu Mitatu

Ijumaa, tarehe 31 Julai 2026, Mwalimu Everlyne Nabwile anastaafu baada ya kufundisha uchoraji chuoni kwetu kwa miaka ishirini na tisa: kumi na minane katika tawi la Bungoma, kumi na mmoja hapa Kitale.

Alianza na chaki na karatasi za manila. Kompyuta zilipofika, alijifunza vibonzo vinavyosogea pamoja na wanafunzi wake, akabuni mradi tunaoujua sote: chagua herufi, uigeuze iwe mnyama katika kibonzo cha sekunde ishirini. Kila mwaka herufi S huwa nyoka. Kizito, fundi wetu wa kompyuta, husema Mwalimu ameona nyoka wengi kuliko askari wa mbuga ya Mlima Elgon, na hakuna hata mmoja aliyemuuma.

Aliyemuuma ni fahali.

Mwaka 2014, Bungoma, mwanafunzi aitwaye Wekoye aliwasilisha herufi E. Ililala kifudifudi, ikajiinua, ikawa fahali wa miguu mitatu. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu kwamba mguu mmoja umesahauliwa, akampa alama thelathini na nne. Wekoye hakulalamika. Wala hakurudi muhula uliofuata.

Muhula huo Mwalimu alitaka kulionyesha darasa kosa lile, akaicheza kazi kutoka mwisho kwenda mwanzo, polepole. Fahali akashuka, akalala, na miguu yake mitatu ikawa mikono mitatu ya E. Herufi haikuwa na mguu wa nne wa kumpa.

Jumamosi hiyo alifunga safari hadi Lwakhakha, akamkuta Wekoye akipakia mahindi mpakani. Alimwomba msamaha mbele ya wapakiaji wote, nao wakacheka. Wekoye hakucheka.

"Madam, mimi nilikuwa nimeshaamini sijui kuchora," alisema.

Wekoye alirudi chuoni, akamaliza masomo. Tangu hapo kila mradi huchezwa mara mbili, mara ya pili kinyumenyume, na kalamu nyekundu ya Mwalimu hubaki mkobani hadi mnyama awe herufi tena. Tulimtania, ati Mwalimu anaogopa kalamu yake.

Jumatatu ijayo miradi arobaini na mmoja itakuwa mikononi mwangu. Nimekaa kando yake mihula minne nikiwa msaidizi wake, na bado sijui kama ningemtambua fahali yule. Mwezi uliopita nilimpa mwanafunzi wetu Viola alama ya chini kwa sababu twiga wake, aliyetoka katika herufi h, alikuwa na mgongo mfupi mno. Nilipomrudisha nyuma, kila kipande kiliingia mahali pake. Nilikuwa nimeshaandika. Nilimwambia Mwalimu kwamba sasa naiogopa kalamu.

"Hata mimi," alijibu, akitafuta miwani. "Mwaka wa kumi na mbili huu tangu fahali yule. Sasa futa, uangalie tena."

Nilifuta. Viola hajui alivyokaribia kupatwa na yaliyompata Wekoye.

Asante, Mwalimu, kwa kila herufi uliyoirudisha nyumbani kabla ya kuihukumu. Shambani kwako Saboti, mvua isikupite, na ng'ombe wako wote wawe na miguu minne. Kalamu uliyoniachia sijaiweka mezani. Iko mkobani.